Kibao cha Saa Nane

"Nenda bila wasiwasi, Bibi," Nadège Peyrat alimwambia mgeni wake huku akimfungia mkate na jibini kwenye karatasi. "Leo wanawinda ng'ambo ya mto, msitu wa juu. Upande wetu huu hutasikia hata mbwa akibweka."

Mgeni aliitwa Bérangère Wattel, muuguzi mstaafu kutoka Lille, mwenye miaka sitini na saba na miguu mikavu kama ya korongo. Alikuwa amelala siku mbili kwa akina Peyrat, katika ile nyumba ya zamani ya mlinda geti wa reli. Reli yenyewe iling'olewa siku nyingi. Palipolala mataruma pamemwagwa changarawe, na njia hiyo hukata mashamba na misitu kwa kilomita thelathini na nane bila kukutana na gari hata moja. Hilo ndilo lililomleta. Mjini kwao lori lilipita karibu naye mpaka likamng'olea kioo cha usukani wa baiskeli, akaapa kwamba hatapanda tena baiskeli penye magari.

"Hapa adui yako ni shimo la sungura tu, na mashimo nimeyaziba mwenyewe," alisema Ghislain, mume wa Nadège. Alikuwa amesimama mlangoni akifunga vifungo vya koti lake la rangi ya chungwa. Siku za kazi alikuwa kibarua wa halmashauri ya Chantegrive, na njia ile ilikuwa mikononi mwake: kufyeka, kusawazisha, kuzibua kalavati za maji zinazopita chini yake. Jumamosi alikuwa mwindaji, kama karibu kila mwanaume wa hapa kwetu.

"Na ukungu huu hautakupoteza?" Honorine, mama yake Ghislain, aliuliza kutoka kwenye kiti chake kando ya jiko la kuni. Macho yake yalikuwa yamekwisha, lakini masikio yalikuwa makali kama ya paka.

"Njia ni moja, mama. Nitapoteaje?" Bérangère alicheka. "Saa sita nipo mezani. Mniwekee supu."

Akatoka na baiskeli yake saa tatu na nusu. Alikuwa amevaa koti la kijivu. Nadège aliliona lile koti likiingia kwenye ukungu na kumezwa, akarudi ndani kumenya viazi.

*

Kwenye kibanda cha wawindaji, mwenyekiti wa chama chao, Anselme Fourgeaud, alikuwa amekwisha badili mpango. Ng'ambo ya mto ukungu ulikuwa mzito mno, na nyayo mbichi za nguruwe zilikuwa zimeonekana alfajiri huku huku, kwenye kichaka kinachopakana na njia ya changarawe.

"Kundi zima," alisema. "Majike na wanawe. Tukizubaa wanahama. Haya, kila mtu achukue namba yake."

Anselme alikuwa pia naibu meya. Alizoea kusema jambo mara moja tu. Ghislain alipokea namba sita, kituo kilicho kwenye mteremko juu ya njia, akaona moyo wake ukisita.

"Vibao je?" aliuliza. Vile vibao vya kuonya kwamba msako unaendelea vilikuwa nyuma ya gari lake, na kazi ya kuviweka njiani ilikuwa yake. "Nizunguke kwanza niviweke pande zote mbili?"

"Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Nguruwe watakusubiri?"

"Kuna mgeni kwetu. Ana baiskeli."

"Kwenye ukungu huu?" Anselme aliwageukia wenzake. "Watu wa mjini hawa wanaogopa hata umande! Saa hizi huyo yuko kitandani anakunywa kahawa ya mkeo."

Wanaume walicheka. Ghislain alitoa simu mfukoni.

"Sasa unampigia nani?" aliuliza mmoja. "Unaomba ruhusa kwa mama watoto?"

"Mwambie akuletee na skafu," akadakia mwingine.

Wakacheka tena, na Ghislain akacheka nao. Akairudisha simu mfukoni, akaizima kama sheria ya msako inavyotaka, akapanda kwenye kituo chake.

Mwindaji akifika kituoni huhesabu hatua tano kulia na tano kushoto, huchomeka vijiti, na hujua kwamba kupita vijiti vile hapigi risasi, hata nguruwe awe mkubwa kama ng'ombe. Ghislain alichomeka vyake vizuri. Cha kulia kilikuwa cha kuikinga njia ya changarawe, iliyo chini upande huo. Kisha akasimama, umande ukimdondokea shingoni, akasikiliza mbwa.

Ilipokaribia saa tano jike alitoka. Alitoka kwa kasi, mweusi, akiteremka kushoto kwenda kulia. Ghislain aliinua bunduki, akamfuata kwa mtutu, akamfuata tena, akavuta. Mlio ulipokwisha nguruwe hakuwepo. Kilichobaki masikioni mwake kilikuwa sauti nyembamba kutoka chini, kama jiwe lililogongwa na nyundo, na baada yake kitu kingine kifupi ambacho hakukijua.

Alitazama kijiti cha kulia. Mtutu ulikuwa umekipita kwa upana wa mikono miwili.

"Ni jiwe," alijiambia.

Alitega sikio. Chini kulikuwa na ukungu tu. Mbwa walibweka, bunduki mbili nyingine zikalia upande wa kituo cha nne, kisha baragumu likapigwa kuita watu wasogee mbele. Angeweza kushuka. Ilikuwa hatua themanini tu mpaka njiani. Miguu ilikataa, naye akaiacha ikatae. Akaufuata mwito wa baragumu.

*

Saa sita na robo Nadège aliitoa supu motoni ili isikauke. Saa sita na nusu alipiga simu ya mgeni. Ililia mpaka ikakata.

"Labda amepata pancha," alisema.

"Labda," Honorine alijibu. Alikuwa amenyamaza tangu saa tano hivi, na kunyamaza si tabia yake.

Nadège alipiga tena, na tena. Akampigia mumewe, simu imezimwa. Akatoka mpaka kwenye geti, akatazama njia pande zote mbili, akaita jina la mgeni kwa sauti aliyoionea aibu mwenyewe. Aliporudi ndani alimkuta mama mkwe wake amesimama, ameshika mgongo wa kiti.

"Nadège, mwanangu. Walikuwa wapi leo?"

"Ng'ambo ya mto, mama. Si ulimsikia Ghislain?"

"Nilimsikia. Na bunduki nimezisikia. Moja, kisha mbili. Hazikutoka ng'ambo ya mto. Zimetoka hapa chini, kwenye njia."

"Ukungu unageuza sauti, mama."

"Miaka themanini na minne naishi kwenye ukungu huu," alisema Honorine. "Haujawahi kunigeuzia sauti."

Maneno yake mwenyewe yalimrudia Nadège moja moja: nenda bila wasiwasi, hutasikia hata mbwa akibweka. Hakubadili viatu wala kuvua aproni. Gari la nyumbani alikuwa nalo Ghislain, basi akashika njia ya shamba kwa miguu, akikimbia anapoweza.

*

Kwenye kibanda walikuwa wanakula. Nguruwe wawili walikuwa wamening'inizwa nje, damu ikidondokea kwenye ndoo. Nadège alisukuma mlango, na nyuso kumi na mbili zikainuka kutoka kwenye sahani.

"Ala! Ghislain, mkeo kakufuata na aproni!" alisema mtu. "Leo umefanya nini?"

Ghislain hakucheka. Alikuwa na sahani iliyojaa mbele yake, haijaguswa.

"Mlikuwa msitu gani?" Nadège aliuliza.

Kijiko kimoja kiliwekwa mezani polepole.

"Nawauliza. Mgeni wangu ametoka saa tatu na nusu kwa baiskeli. Mimi ndiye niliyemwambia njia ni salama. Hajarudi, na simu yake inalia haipokelewi. Mlikuwa wapi?"

"Tulia, Nadège," Anselme alisema huku akijifuta mdomo. "Mwanamke mtu mzima, anatembea. Labda amefika mji wa pili anakula keki. Usituletee msiba mezani."

"Ghislain," alisema Nadège bila kumwangalia Anselme. "Ulipiga risasi?"

Wote walimgeukia. Ghislain aliisukuma sahani kando.

"Moja," alisema.

Anselme aliinuka, akamshika Ghislain begani kama baba, akamtoa nje. Nadège aliwafuata mpaka mlangoni. Mwenyekiti aliongea chini kwa chini, lakini ukungu ulikuwa umetulia na kila neno lilimfikia.

"Sikiliza, bwana mdogo. Hakuna kilichotokea. Lakini kikitokea, jambo la kwanza watakaloliuliza ni vibao. Vibao ni kazi yako, si yangu. Nenda kaviweke sasa hivi. Viko tangu saa mbili asubuhi, wewe uliviweka, na sisi sote tuliviona."

"Na mgeni?"

"Ukimaliza vibao, mtafute. Mkataba wako na halmashauri unaisha Januari, sivyo? Mimi ndiye nitakayeutia saini. Usinifanye nikaone wewe ni mtu wa kupayuka."

*

Ghislain aliendesha gari mpaka pale barabara ya shamba inapokutana na njia ya changarawe. Nadège alikaa kando yake, simu mkononi. Alipozima injini, alikwenda nyuma, akashusha kibao cha njano na nyundo, akaanza kukipigilia ukingoni.

"Unafanya nini?" mkewe aliuliza.

"Kazi yangu."

"Saa nane mchana?"

"Nadège, niache."

"Yuko huko ndani, Ghislain! Yuko huko, na wewe unapigilia mbao?"

"Niache, nakwambia!" Sauti ilimtoka kwa ukali, kisha ikavunjika. "Nikishamaliza hiki tutakwenda. Nikishamaliza tu. Sitaki kwenda, unaelewa? Sitaki kwenda kuona."

Mkewe alimtazama mtu aliyeishi naye miaka ishirini na sita, amepiga goti kwenye majani mabichi, nyundo ikikosa msumari. Alimwogopa, na alimwogopea, na hakujua lipi lilikuwa zito zaidi. Akageuka, akaanza kutembea peke yake kwenye changarawe. Baada ya kitambo alisikia nyundo imenyamaza na hatua za mumewe zinamfuata.

Walitembea hivyo, mmoja mbele, mmoja nyuma. Waliona hatua kumi mbele yao, basi. Miti ilijitokeza mmoja mmoja na kupotea. Nadège alibonyeza tena namba ya mgeni, si kwa tumaini, ila kwa sababu kidole kilihitaji kazi.

Mbele yao, ndani ya ukungu, simu ililia.

Ilikuwa wimbo mdogo wa furaha, wa kinanda. Nadège alisimama kama aliyepigwa. Ghislain nyuma yake alisema, "Mungu wangu," mara mbili. Wakaufuata ule wimbo. Baiskeli ilikuwa imelala katikati ya njia, gurudumu la mbele limepinda, simu imebanwa kwenye usukani ikiwaka na kuzima. Mwenye baiskeli hakuwepo. Kwenye changarawe palikuwa na jiwe lililopasuka, weupe wake mpya kabisa, na kutoka hapo matone meusi yalielekea ukingoni, kisha mburuzo kwenye majani.

"Kalavati," alisema Ghislain. Aliijua kila kalavati. "Kuna kalavati hapa chini."

Aliteremka haraka, akainama kwenye mdomo wa lile bomba la saruji. Kutoka ndani ilitoka sauti ambayo hatakuja kuisahau. Haikuwa kilio. Ilikuwa sauti ya mtu anayejizuia kulia asisikike.

"Bibi! Ni sisi! Ni mimi, Ghislain!"

"Usinipige," sauti ilisema. "Tafadhali. Usinipige."

Bérangère alikuwa ameona koti la chungwa. Nadège alimvuta mumewe kwa nyuma.

"Livue. Livue koti hilo, ulitupe mbali. Panda juu, simama asikokuona, na usiseme neno."

Ghislain alilivua. Alipanda njiani, akasimama kwa shati kwenye baridi ya Novemba, mikono imening'inia, wakati mkewe akiingia ndani ya bomba kwa magoti na viwiko, maji ya barafu yakimfika mapajani.

"Ni Nadège, mama. Ni Nadège tu, wa supu."

"Mumeo ana bunduki?"

"Hana. Hana kitu. Amevua hata koti."

Bérangère alikuwa amejikunja mwishoni mwa bomba, midomo ya bluu. Risasi ilikuwa imegonga jiwe, na kipande chake kilikuwa kimeingia kwenye msuli wa mguu, chini ya goti. Alikuwa ameufunga mwenyewe kwa tyubu ya akiba, kwa ufundi wa miaka arobaini ya wodini. Alikuwa amepiga kelele, alieleza meno yakigongana, lakini mbwa walimzidi. Kisha bunduki mbili nyingine zikalia, naye akajiburuta mpaka humu.

"Nilisikia simu," alisema. "Ililia, ikalia. Nilijua ni wewe. Lakini nilidhani wakiisikia watakuja. Nikawa naiombea inyamaze. Karibu saa mbili, Nadège. Karibu saa mbili nzima naiombea inyamaze."

*

Helikopta haikuweza kuruka. Wazima moto walikuja kwa gari kupitia njia yenyewe. Ghislain ndiye aliyekimbia na ufunguo kuwafungulia geti linalozuia magari kuingia njiani. Walimfunga Bérangère blanketi la rangi ya fedha. Alipopitishwa mbele ya Ghislain aligeuza uso.

Polisi walikuwa watatu, mkubwa wao mwanamke mwembamba mwenye daftari. Anselme alifika nyuma yao na wanachama wanne, wote wameshika kofia mikononi kama wako kanisani.

"Ajali ya kusikitisha," Anselme alisema. "Sisi ni watu wa sheria, Bi Mkubwa. Vibao vilikuwepo tangu asubuhi, umekiona kimoja mwenyewe pale mlipoingilia. Yule bibi alipita akakidharau. Watu wa mjini, unajua tena."

"Nani aliviweka?"

"Huyu hapa. Kibarua wetu hodari."

Mwanamke alimgeukia Ghislain. Alikuwa bado na shati, hakuna aliyekumbuka kumpa koti.

"Uliweka kibao saa ngapi?"

Nadège alikuwa amesimama kando, maji yakimchuruzika kutoka kwenye aproni. Alijua jibu, na hofu yake ikagawanyika vipande viwili. Kimoja kilisema, sema kweli, Ghislain. Kingine, na hiki hakumsimulia mtu kwa muda mrefu, kilisema, saa mbili, sema saa mbili, mama yako ni kipofu na tuna paa linalovuja na Januari iko karibu. Hakufungua mdomo. Aliogopa ni kipi kingetoka.

"Saa nane," alisema Ghislain.

"Asubuhi saa mbili, anataka kusema," Anselme alidakia. "Amechanganyikiwa, maskini."

"Saa nane mchana," Ghislain alirudia. "Nusu saa kabla ya kuwapigia simu. Asubuhi hakikuwepo. Nilikuwa kituo cha sita, na nilipiga risasi moja, nikapita kijiti. Nilisikia imegonga jiwe. Nilisikia na sauti nyingine. Sikushuka kutazama."

Kalamu ilikwaruza karatasi.

"Kwa nini hukushuka?" aliuliza yule mwanamke, na hakuuliza kama polisi.

"Niliogopa," alisema Ghislain.

Anselme alitema mate kwenye changarawe, akavaa kofia yake, akaondoka, na wale wanne wakamfuata.

*

Kile kipande kilitoka kwenye bunduki ya Ghislain. Mahakama ilimpa kifungo cha nje cha miezi minane na kumnyang'anya kibali cha silaha kwa miaka mitano. Anselme alipigwa faini, akaendelea kukaa kwenye kiti chake cha naibu meya. Januari mkataba wa njia ulipewa mtu mwingine, kijana asiyejua hata kalavati ziko ngapi. Kwa mwokaji mikate watu walikuwa wanaacha nafasi mbele na nyuma ya Nadège, kama ana harufu. Mtu aliandika kwenye geti lao kwa rangi nyekundu: MSALITI. Honorine alitaka asomewe, akasomewa. "Angalau wameandika vizuri?" aliuliza. Nadège alicheka mpaka akalia.

Ghislain alipata kazi ya kupakia mbao kwenye kiwanda kilicho mbali. Hakukanyaga tena changarawe. Akihitaji kuvuka njia, alizunguka kwa barabara kuu.

Mwishoni mwa Aprili simu ililia, na Nadège alipoitambua sauti alikaa chini.

"Chumba kipo?" aliuliza Bérangère Wattel.

"Kipo, Bibi. Vyumba vyote vipo."

"Na mumeo?"

"Yupo."

"Nataka anipeleke pale. Kwa miguu. Daktari wangu anasema ni upumbavu. Lakini silali, Nadège. Nimejaribu vidonge, nimejaribu sala. Sasa nataka kujaribu hivi."

Alikuja na fimbo, akichechemea. Asubuhi iliyofuata Ghislain alimsubiri nje, amevaa sweta jeupe ambalo Nadège alimtafutia makusudi, na wakaondoka wawili. Nadège alibaki getini, akawaangalia mpaka kona ikawaficha.

Siku ilikuwa wazi, anga la bluu, mahindi yamepandwa juzi pande zote mbili. Ghislain alitembea upande wa pili wa njia, mikono nje ya mifuko, maana alimwona mwenzake anaitazama. Walikwenda kilomita moja. Bérangère alikuwa na maneno aliyoyaandaa kwa miezi mitano, makali, mazuri, na alikuwa akiyahifadhi mpaka wafike.

"Unalala?" aliuliza ghafla.

"Kidogo."

"Unaota nini?"

"Nateremka," alisema Ghislain. "Kila mara nateremka kukuangalia. Sifiki."

Bérangère alifungua mdomo ajibu, na mlio ukapasuka shambani. *Paa!*

Wote wawili walianguka. Fimbo iliruka, changarawe ikawachana viganja. Mlio wa pili ukafuata, *paa!*, na kunguru wakaruka kutoka shambani, weusi, wakipiga kelele. Bérangère aliinua kichwa. Aliona kwenye ukingo wa shamba mtungi wa gesi na bomba fupi la bati likitoa moshi.

"Ni mzinga wa kufukuzia kunguru," alisema akihema. "Ni mzinga wa kunguru tu."

Ghislain hakuinuka. Alikuwa amelala kifudifudi, mikono juu ya kisogo, na mgongo wake mpana wa kibarua ulikuwa unatetemeka wote, kama mnyama aliyeloa. Bérangère alimtazama. Aliyatafuta yale maneno yake ya miezi mitano. Yalikuwepo bado, na kila moja lilikuwa la haki, lakini hakuona pa kuyaweka. Hakumsamehe, si pale. Alijikokota tu mpaka karibu naye, akakaa kwenye changarawe na mguu wake mbovu ameunyoosha.

"Mzinga huo huwa unalia mara ngapi?" aliuliza.

"Mara tatu," Ghislain alijibu, uso bado chini.

"Basi kuna mlio mmoja bado. Kaa. Tuungoje."

Ghislain akajiinua taratibu, akakaa, changarawe zimemganda shavuni. Bérangère alishika mkono wa sweta lake, akaushika kwa nguvu, kwa sababu yeye naye alikuwa akiogopa. Wakakaa katikati ya njia tupu, wakiutazama ule mzinga.

Mlio wa tatu ulipokuja walishtuka wote wawili. Lakini hakuna aliyelala chini.